Bakapu kabla ya kupiga windo: eksitenal, Google Drive au flashi ya Linux?

Mwana_Tabata
Wakuu habari za jioni. Laptopu ya mama watoto imeanza vituko, kila flashi ikichomekwa mafolda yanageuka shotikati. Nataka kupiga windo upya ila humo kuna picha za watoto na mahesabu ya duka, kama giga 60 hivi. Fundi mmoja Kariakoo anasema ataniwekea kwenye eksitenal yake halafu afomati, jamaa yangu ananiambia nipandishe Drive. Kipi salama?

Fundi_Mdogo
Mkuu eksitenal ya fundi usithubutu, hiyo imeshachomekwa kwenye mashine za mji mzima. Nunua yako, na hata hiyo usiichomeke windo ikiwa inawaka, maana virusi vya shotikati vinajikopi kwenye chochote kinachoingia. Tengeneza flashi ya Linux (mfumo wa bure unaowaka badala ya windo, chukua Ubuntu au Mint) kwenye kompyuta nyingine isiyo na virusi, washa laptopu kupitia hiyo, chagua kujaribu bila kuinstoo. Windo inakuwa imelala na virusi vyake vimelala nayo, ndo unakopi.

Binti_Kigamboni
Drive ya bure ni giga 15 tu na unagawana na Gmail. Giga 60 kwa bando la simu utalia 😂 Mi kule naweka mahesabu na vyeti basi. Halafu usiingie akaunti yako kwenye hiyo mashine, kuna virusi kazi yao kuiba paswedi, pandisha kutokea kwingine.

Mwana_Tabata
Linux sijawahi gusa. Nikiacha windo yenyewe ijirudishe upya, ile ya kubakiza mafaili?

Mzee_wa_Posta
Kijana, hiyo inabakiza na faili lenye ugonjwa. Ukishakopi, futa vyote. Ila kama ni Windo 11 angalia BitLocker, ile kufuli ya windo ya kufunga diski. Diski ikiwa imefungwa Linux itakudai ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi upo kwenye akaunti ya Microsoft, uchukue kwa simu. Na usibebe folda zima zima: chukua picha, video, pdf, xlsx. Acha mafaili yanayoishia na exe, scr, vbs, bat, lnk, humo ndo virusi hujificha, na makraki yote (programu za wizi). Ukikuta harusi.jpg.exe hiyo sio picha. Yale mafolda ya kwenye flashi yamefichwa tu, Linux itayaonyesha.

Binti_Kigamboni
Shikamoo mzee, umemaliza. Afungue na picha kadhaa kutoka kwenye eksitenal kabla hajafomati, kukopi kunaweza kukatika katikati usijue.

Fundi_Mdogo
Na baada ya windo mpya usikimbilie kuchomeka. Updeti kwanza, Defenda (kinga ya virusi ya windo yenyewe) iwe hewani, ndo uchomeke na uskani yote.

Mwana_Tabata
Sawa wakuu, Jumamosi naifuata eksitenal ya tera 1. Kuna ya bei chee nimeiona barabarani...

Fundi_Mdogo
Iache! Feki zinaandika tera 1 ndani kuna chipu ndogo, ikijaa inaandika juu ya data za mwanzo. Muuzaji akikubali uipime kwa H2testw (programu ya kupima ujazo halisi), nunua, akianza kukwepa kwepa ondoka.