Kuhamia Debian 12: flashi ya uokoaji iandaliweje?

Swali (Moshi): Ndugu wanajamvi, ninatunza seva ya shule yenye mfumo endeshi wa Debian, toleo la 11, na ninataka kuipandisha hadi 12, lakini huku umeme hukatika mara kwa mara, nami nahofia mashine isije ikagoma kuwaka. Nijiandae vipi?

Jibu (Arusha): Hofu yako ni ya msingi. Pakua faili la usakinishaji la Debian 12, linganisha alama zake za SHA256 (za kuthibitisha kwamba faili halijaharibika) na zilizotangazwa, kisha uliandike kwenye flashi kwa amri ya dd, ukihakikisha kwanza kwa lsblk (amri inayoorodhesha diski) kwamba /dev/sdb ndiyo flashi yenyewe na si diski ya data, maana dd hufuta bila kuuliza. Flashi hiyo ina hali ya uokoaji, ambayo hufungua mfumo uliomo kwenye diski na kukuwezesha kurudisha GRUB (programu inayoanzisha mfumo mashine inapowashwa). Tafadhali ijaribu kabla hujagusa chochote.

Jibu (mwanajamvi mwingine, Moshi): Nakubaliana na ndugu yangu. Umeme ukikatika katikati, mara nyingi amri ya dpkg --configure -a humalizia kusanidi vifurushi vya programu vilivyoachwa nusu. Vilevile ongeza sehemu ya non-free-firmware katika sources.list (faili linaloorodhesha vyanzo vya vifurushi), kwani Debian 12, iliyotoka Juni 2023, lilihamishia humo programu zisizo huria za kuendeshea vifaa.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaanza kwa kunakili data kwenye diski ya nje.