Tupeane uzoefu: unayejifunza kuandika, kwenu shamba wapi na chakula gani kinakurudisha huko?

Mwana_Muheza

Wakuu, salaam. Leo nawaita wenye madaftari yaliyofichwa chini ya godoro.

Mimi mtoto wa Muheza, naishi Tanga mjini, huku Makorora. Nauza kwenye duka la mtu la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, rangi. Hadithi zangu naziandika mteja akishatoka, nyuma ya vitabu vya risiti vilivyokwisha. Mwaka wa sita huu, na senti ya kalamu sijaiona.

Kilichonileta ni hiki. Mwaka jana nilimaliza hadithi fupi, kurasa kumi na moja, nikampelekea mhariri mmoja, jina libaki kwangu. Kijana anarudi kijijini kumzika baba yake. Anafika usiku wa manane. Mama hasemi neno, anamtengea bada na mchuzi wa papa. Wanakula, kunakucha, wanakwenda makaburini. Basi. Jibu likaja kwamba hadithi ni nzuri, ila hilo "bada" libadilishe liwe "ugali", msomaji wa Mwanza hatakuelewa.

Nikabadilisha, maana nani asiyetaka kuchapishwa? Usiku nikaisoma tena, nikaona yule mama nimemuua. Kwa wasioijua, bada ni ugali wa muhogo. Muhogo unamenywa, unaanikwa siku kadhaa mpaka ukauke uwe makopa, makopa yanatwangwa, unga unachekechwa. Sasa mfiwa akikutengea bada usiku wa manane, ujue mchana, katikati ya msiba, mtu alishika mchi. Alijua mwanawe atakuja, na atakuja na njaa. Yote hayo yalikuwa ndani ya neno moja. Nilipoweka "ugali" nikabaki na sahani tu.

Haya, kwenu shamba wapi, mlikuwa mnakula nini, na vitu hivyo vimekusaidia au vimekuponza vipi kwenye kuandika? Nadharia sitaki. Nipeni mkasa.

Bi_Kivuko

Mimi wa Pangani, lakini upande wa Bweni, yaani hata chumvi ukiitaka mjini lazima uvuke mto. Mkasa wangu ni ndugu wa wako, ila mimi aliyeniumbua ni mama.

Niliandika hadithi ya mapenzi. Msichana anatoka kazini saa kumi na mbili jioni, mchumba anabisha hodi saa kumi na mbili na nusu, anakuta bada, samaki wa nazi na kisamvu vimeshatengwa mkekani, na udi umefukizwa. Nikamsomea mama, yuko barazani anachambua dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuinua uso. Kisha:

"Kisamvu kakitwanga nani?"

"Mama, hii hadithi tu."

"Sawa, hadithi. Kakitwanga nani?"

Mnaopika mnajua. Majani machanga ya muhogo yanatwangwa mpaka yalainike, yanachemshwa sana, kwa sababu kisamvu kibichi kina sumu, si cha kuonjaonja. Likija tui, unaanza na lile jepesi, tui zito la mwisho kabisa na moto umepunguzwa lisikatike. Kwa nusu saa yangu ile, hata maji ya kwanza hayajakauka. Mama akasema msichana wangu ama amenunua kwa jirani, ama ni jini.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaandika upya: amenunua kwa jirani, na anamdanganya mchumba kwamba kapika mwenyewe, na jirani anapita barazani kuidai sufuria yake. Ndiyo hadithi yangu pekee ambayo watu wananiomba niwasomee tena.

Mwana_Muheza

"Kakitwanga nani" naibandika ukutani dukani, karibu na "Leo fedha kesho mkopo".

Mjukuu_wa_Manamba

Mimi nimechoka na shamba la kwenye hadithi, lile la mwembe, kivuli, na bibi anayesimulia sungura na fisi. Shamba langu lilikuwa kambi ya mkonge.

Babu alitoka Songea kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge. Walikuwa na kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi. Ukizijaza zote ndipo unalipwa. Siku uliyoumwa haiandikwi. Kambini jirani yetu wa kulia Mmakonde, wa kushoto Muha, nyuma Mrundi, na sisi Wangoni. Kiswahili chetu kilikuwa cha wote na hakikuwa cha mtu. Nilipoanza shule ndipo nikaambiwa nasema vibaya.

Mnajua mkonge ulivyoingia? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikokwe, hapo hapo Pangani kwa Bi Kivuko. Mistari yote ile unayoiona dirishani mwa basi mpaka usingizi unakuchukua, na babu yangu kuhama kwao, vimeanzia kwenye miche 62. Siku niliyosoma hesabu hiyo sikulala. Nikasema hii ni riwaya.

Nikaanza na Wajerumani. Meli, gavana, kofia nyeupe. Kurasa arobaini. Ovyo, wakuu, ovyo kabisa. Sijui Mjerumani wa mwaka ule anakunywa nini asubuhi. Sijui akimkasirikia mkewe anamwitaje. Kila mtu mle ndani alikuwa anasimama wima na kuhutubia.

Nikazichana, nikaanza na mikono ya babu. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na maji yake yanawasha. Babu alikuwa akirudi anakaa kwenye kigoda, mikono kaizamisha kwenye karai la maji, hazungumzi na mtu. Chakula ni ugali wa posho na maharage, Jumapili dagaa. Bibi anakata tonge, analichovya, anambandika babu kiganjani, kwa sababu vidole vimekakamaa, havikunji. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi. Labda yalikuwa mapenzi.

Hiyo ndiyo aya ya kwanza. Sasa nimefika ukurasa wa tisa na Mjerumani hajaingia bado.

Bi_Kivuko

Asiingie kabisa.

Barabara_ya_Tisa

Na sisi tuliozaliwa mjini mnatuweka wapi? Mimi Ngamiani, na baba yangu Ngamiani. Likizo wenzangu walikuwa wanapanda mabasi kwenda Handeni, Korogwe, Lushoto, mimi nabaki kuzungusha baiskeli kutoka barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, narudi. "Kwenu wapi?" "Hapa." "Hapana, kwenu kwenu." Mtu anakuuliza kama vile umeficha kitu.

Chakula changu ni mbaazi za nazi na mahamri, asubuhi, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza kibarazani kwake. Ukinyoosha bakuli anakuuliza: "Za juu au za chini?" Za juu ni tui, za chini ndiko mbaazi zilikolala. Utotoni nilidhani anauliza unapenda nini. Nilipopata akili nikagundua kuna watu hawaulizwi, upawa unazama wenyewe mpaka chini, na kuna watu wakisema "za chini" upawa unasita kidogo. Mimi mwaka baba alipoachishwa kazi bandarini nilianza kusema "za juu" kabla sijaulizwa. Nilikuwa na miaka tisa.

Nataka kuiandika. Naogopa, kwa sababu mwenyewe bado yupo, bado anauza, na bado ananikopesha.

Bi_Kivuko

Andika. Mbadilishe jina, mfanye muuza vitumbua, hatajijua.

Mjukuu_wa_Manamba

Dada yangu! Vitumbua vina za juu na za chini?

Bi_Kivuko

Astaghfirullah. Nimejifunga mwenyewe. Basi mhamishe mtaa, mbaazi ziache.

Mlalo_Baridi

Mimi ni wa mashairi, sina maneno mengi. Kwetu Mlalo, milimani Lushoto. Makande, mahindi na maharage, yanakaa jikoni kutwa, na mwezi wa saba baridi ikishuka unajua kabisa kwa nini moto hauzimwi.

Nilijaribu kuyaingiza kwenye shairi la mizani kumi na sita. Nikachagua kina cha "nde". Beti ya kwanza ikatulia: makande, upande, kipande. Beti ya pili maneno yakaniishia, nikajikuta nimeandika kwamba tulikula makande kwa tende. Tende! Mlalo! Kaka yangu aliposoma akaniuliza huo mtende uko kwa nani, akauangalie.

Tangu hapo kina kikinipeleka mahali ambapo sikuwahi kula, naibadilisha beti nzima.

Jicho_Kavu

Nawasoma tu. Samahani, ila mnajidanganya. Kupenda kwenu hakumfanyi mtu mwandishi, wala bada haiandiki. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, alianzia forodhani, akahamishwa huku na huko mpaka Mpwapwa. Mchana makaratasi ya ofisi, na bado aliacha rafu nzima ya vitabu. Nyie mna miaka sita na hadithi moja ya samaki. Someni, kaeni chini, andikeni kila siku. Hayo ya makande ni porojo za kahawa.

Mwana_Muheza

Mkuu, la kuandika kila siku umenipiga panapouma, nakubali. Lakini na mimi nikupe mkasa wa mzee huyo huyo.

Kazaliwa Vibambani, 1909, kazikwa Machui mwaka 1962, hapo tu njia ya Pangani. Ijumaa moja baada ya swala nilichukua baiskeli nikaenda. Nisikufiche, nilikwenda kutafuta kitu. Nilidhani nitasimama pale, nitasoma dua, halafu maneno yatakuja. Dua nilisoma. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni njaa, jua lile la saa nane na tairi ya nyuma inapungua upepo.

Njiani nikakuta mama anachoma mihogo, nikanunua wa mia tano. Aliupasua katikati kwa kisu, moshi ukatoka, akapaka chumvi na pilipili iliyochanganywa na ndimu, akanipa kwenye kipande cha gazeti. Hakuniuliza natoka kufanya nini. Aliniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamtajia, akatafuta kichwani, akasema: "Wa Muheza huyo, si wa huku," akaendelea na makaa yake. Na gazeti lenyewe lilikuwa ukurasa wa mashairi, nusu yake imeloa pilipili.

Hilo la gazeti hakuna atakayeliamini nikiliandika. Kwa hiyo sijaliandika.

Jicho_Kavu

Hilo liandike. Hayo mengine yote uyatoe.

Mpigachapa_wa_Zamani

Nimesahihisha miswada ya watu muda mrefu, nataka nimtetee mhariri wako kidogo, kisha nimlaumu.

Hofu yake ni ya kweli. Mwandishi akijaza maneno ya kwao ukurasa mzima, msomaji anajihisi kama mgeni aliyeachwa sebuleni wenzake wanazungumza jikoni. Lakini dawa si kulifuta neno. Mpe msomaji kitu cha kushika. Mwonyeshe mama na chekecheke, unga umemkaa kwenye nyusi, kipande cha kopa kimebaki kinuni. Msomaji atajua ni nini, na hutakuwa umeeleza.

Halafu kachagua mji mbaya wa kutolea mfano. Kanda ya Ziwa ugali wa muhogo ni chakula chao cha siku zote, ila muhogo wao huvundikwa kwanza kabla ya kukaushwa, wanauita udaga. Msomaji wa Mwanza angekuelewa kuliko mimi niliyekulia ndizi.

Na mnaotafuta pa kupeleka kazi: kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna ile ya Safal-Cornell kwa Kiswahili. Someni masharti mpaka mstari wa mwisho. Nimeona miswada mizuri ikiachwa kwa sababu mtu kaandika jina lake mahali alipokatazwa.

Barabara_ya_Tisa

Udaga! Kwa hiyo mhariri alimlinda mtu wa Mwanza na chakula chake mwenyewe.

Mjukuu_wa_Manamba

Kambini kwetu Waha walikuwa nao muhogo wao, na jina lao. Bibi alikuwa anabadilishana nao, kibaba cha mahindi kwa kibaba cha muhogo. Subirini, hiyo nimeisahau, hiyo inaingia ukurasa wa tisa. Narudi.

Mwana_Muheza

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jumamosi nilifunga duka mapema nikapanda gari la Muheza. Nilijiambia nakaa na mama jikoni, naandika kila kitu anachofanya, hatua kwa hatua, kuanzia makopa. Nilinunua daftari jipya kabisa, si risiti. Nikakaa kwenye kiti, kalamu tayari.

Mama akaliangalia daftari. Akaniuliza hayo ninayoandika atakula nani. Nikamweleza habari ya hadithi, mhariri, Mwanza, udaga. Akasikiliza vizuri tu. Kisha akasema yule mama wa kwenye hadithi yangu hawezi kutenga papa usiku ule, maana papa mkavu hulowekwa kwanza, na kwenye msiba wanaoshika jiko ni majirani, si mfiwa. "Bada ingetoka kwa jirani. Yeye angekaa naye tu akila."

Miaka sita, wakuu. Sikuwahi kuliona hilo.

Nikafungua ukurasa niandike haraka kabla halijaniponyoka. Akanisogezea mbuzi na nazi mbili, akasema nikune kwanza, jua linazama. Daftari limebaki juu ya ungo. Mpaka sasa naandika haya kwenye simu kwa kidole kimoja, kile ambacho hakikukwanguka.