Kutembea milimani Japani mwezi wa 11: Fuji au Kumano Kodo?

MamaLushoto
Habarini za humu ndugu zangu. Mwezi wa 11 mimi na mume wangu tunaenda Japani, viza tumeshapata alhamdulillahi. Hatutaki kushinda Tokyo tunapiga picha maghorofa, tunataka kutembea milimani na kulala kwa wenyeji. Lushoto mpaka Mtae tulishatembea kwa hiyo miguu ipo. Mume anang'ang'ania Fuji, mimi nimesikia habari za Kumano Kodo, zile njia za kale za mahujaji milimani. Tushike ipi? Na chakula kwa sisi Waislamu kikoje, hilo ndo linaninyima usingizi.

mzee_wa_buti
Fuji mwezi huo sahau kabisa dada, msimu wa kupanda ni Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, baada ya hapo njia zinafungwa na juu kunaganda. Mwambie shemeji asilazimishe.

Kiatu_Kimoja
Kumano, tena njia ya Nakahechi. Nimeitembea mwaka juzi na mpaka leo naiota. Panda treni mpaka Kii-Tanabe halafu basi mpaka Takijiri, hapo ndo mwanzo, mpaka hekalu kuu la Hongu ni kama kilomita 38, sisi tulilala Takahara na Chikatsuyu. Wafalme wastaafu wa Kyoto walikuwa wanaipita hii njia kwenda kuhiji, Go-Shirakawa alikwenda zaidi ya mara 30, kwa hiyo pale huendi mlimani leo halafu utamaduni kesho, unavikanyaga vyote kwa pamoja. Kila baada ya mwendo kuna kihekalu kidogo wanakiita oji na pembeni kisanduku cha mbao chenye muhuri, unagonga mwenyewe kwenye kitabu chako.

Ila msiidharau. Takijiri kwenda Takahara ni kama kilomita 4 tu lakini unaanza na kupanda papo hapo, mizizi ya miti imetoka nje kama ngazi, na mvua ikinyesha yale mawe ya zamani yenye ukoga yanateleza kama sabuni, niliona mama mmoja kakaa chini anashuka kwa makalio. Buti zenye meno na fimbo. Halafu Novemba saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, ondokeni mapema. Mabegi makubwa kuna watu wanawapelekea kwa gari mpaka mtakapolala.

BintiPemba
Naishi Osaka, niseme la chakula. Nyumba za wageni wanakupa cha jioni na asubuhi, samaki na wali hamtakosa, shida imejificha kwenye mchuzi, wanatia mirin na sake ambavyo ni pombe. Waandikieni wakati wa kubuku, taja kimoja kimoja: nyama hatuli, pombe hata ya kupikia hatutumii. Ukisema "halali" tu wengine hawaelewi, na ukifika ndo unasema umechelewa maana mama wa watu ameshapika. Mkipita Yunomine, kijiji cha karibu na Hongu, nunueni mayai mabichi kwenye kiwavu, mnayatumbukiza kwenye chemchemi ya moto pale pale kijijini, mnasubiri yaive, mnakula na chumvi. Hapo huna wasiwasi wowote.

MamaLushoto
Allah awalipe jamani. Na hayo mabafu yao ya maji ya moto, ni kweli watu wanaingia uchi pamoja? Mimi siwezi.

BintiPemba
Kweli, ila wanawake kwao na wanaume kwao. Wewe nenda Tsuboyu hapo hapo Yunomine, kibanda cha mbao juu ya mto, ndani kishimo cha mawe cha watu wawili hivi, mnapewa nusu saa na mnafunga mlango wenyewe, wewe na mumeo tu. Mjioshe kwanza kabla ya kuingia majini. Foleni huwa ndefu, wahini asubuhi.

MamaLushoto
Nimemsomea mume wangu yote haya, Fuji ameiacha mwenyewe. Sasa hivi anatafuta buti za namba 46.