Mjadala: Mabua baada ya mavuno ni mali ya mkulima au ni malisho ya wote?

Ndugu zangu wakulima na wafugaji, naiweka mezani hoja inayorudi kila kiangazi katika maeneo kama Kilosa, Kiteto, Babati na Usukuma. Mkulima akishavuna mahindi au mtama wake, je, mabua yaliyobaki shambani yanaendelea kuwa mali yake, au yanageuka malisho ambayo mfugaji yeyote anaweza kuswagia ng'ombe wake bila kuuliza? Msimamo wangu ni kwamba mabua ni ya mkulima, na kwamba mfugaji anapaswa kuyapata kwa makubaliano yenye bei, yaliyoandikwa mbele ya serikali ya kijiji.

Wanaopinga husema kwamba tangu zamani ng'ombe walikula mabua, wakaacha samadi, na kila upande ukaridhika. Ni kweli, na sidharau mila hiyo. Lakini ilifaa pale ambapo mkulima na mfugaji walikuwa majirani wanaofahamiana, au mtu mmoja alikuwa na jembe na zizi kwa pamoja. Leo kundi linaweza kuwa limetoka wilaya nyingine. Linakula mchana, linalala mbali, na sehemu kubwa ya samadi inabaki kwenye boma la usiku. Mkulima anaachiwa udongo uliokanyagwa, na akiwa ni mtu wa kilimo hifadhi, amepoteza pia matandazo ambayo yangeihifadhi ardhi yake mvua za kwanza zinaponyesha.

Tuangalie pia thamani ya kitu chenyewe, kwa sababu nadhani wengi wetu tunaidharau. Kwa hesabu ya kawaida, shamba la mahindi huacha mabua yasiyopungua sana uzito wa nafaka. Ekari iliyotoa magunia 10 ya kilo 100 ina karibu tani moja ya mabua. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Hata tukichukulia kwamba atakula majani na maganda ya magunzi na kuacha nusu nzima, yaani vile vishina vigumu, ekari hiyo inamlisha kwa zaidi ya siku 80, ambao ni muda wa nusu ya kiangazi. Mabua hayo yakikatwakatwa, kiasi kinachotupwa hupungua. Udhaifu wake ni protini, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 4 au 5, ilhali ng'ombe anahitaji walau asilimia 7 ili tumbo lake lisage vizuri. Kwa hiyo mfugaji makini huongeza mashudu ya pamba au ya alizeti, na hayo hayapatikani bure. Kama mashudu yananunuliwa bila mtu kulalamika, sioni kwa nini mabua yachukuliwe kwa nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalioni. Neno «limevunwa» halina maana moja kwa kila shamba. Babati na Kilosa, mahindi hupandwa pamoja na mbaazi, na mbaazi hubaki shambani hadi Agosti au Septemba. Mchungaji akiona mahindi yameondoka, anaingiza mifugo, na jioni mkulima anakuta mbaazi zenye maua zimeliwa hadi kwenye shina. Upande wa mtama hatari inamgeukia mfugaji mwenyewe, kwa kuwa machipukizi yanayoota baada ya mavuno huwa na sumu inayoweza kumwangusha ng'ombe kwa muda mfupi. Mwenye shamba anajua limefikia hatua gani, asiyeuliza hajui. Na hasira za namna hii zinapolundikana tunakujua zinakofikisha watu: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Wapo watakaosema kwamba kuyapa malisho mmiliki na bei ni jambo geni kwetu. Lakini Wasukuma wamekuwa na ngitili tangu zamani, yaani eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zake ziliwe kiangazi. Kuna ngitili za familia na za jumuiya, na programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanza mwaka 1986 ilizifufua kwa sababu watu walikuwa tayari wanaheshimu mipaka yake.

Chombo cha kisheria kipo. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na sheria hizo zinaweza kutaja tarehe ya kufungua mashamba na namna ya kulipa. Napendekeza malipo yawe kwa ekari, si kwa kichwa cha ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hufichwa na idadi hubishaniwa, lakini ekari haihami. Mkulima anayetaka samadi kuliko fedha akubaliane na mfugaji kwamba kundi lilale shambani kwake.

Ninalolihofia ni fungu la mfugaji mdogo mwenye ng'ombe watano au sita, ambaye mwenye kundi kubwa anaweza kumpiku kwa bei na kununua kitongoji kizima. Ningependa wenye uzoefu waseme kama kijiji chao kimewahi kumtengea mfugaji wa aina hiyo sehemu yake kabla ya kufungua milango kwa wageni, na kwa utaratibu gani.