Chambo cha mti: rangi inavimba karibu na ndoano

Mchongaji: Habari zenu. Ninachonga vyambo bandia vya umbo la samaki kwa mti wa balsa, kisha ninavipaka rangi ya akriliki na vanishi. Vikikaa majini kwa muda, rangi huvimba na kupasuka, nayo huanzia pale zinapoingia skrubu za pete za kushikia ndoano. Je, niongeze vanishi au nibadilishe rangi?

Fundi Tupa: Ndugu, rangi haina kosa. Maji yanapenya kwenye tundu la skrubu, mti unayanywa na kutanuka, nayo rangi iliyokwisha kukauka haiwezi kutanuka pamoja nao. Tabaka kumi za vanishi juu hazitaziba tundu lililo wazi ndani. Toboa matundu yote na ukate mwanya wa kile kibao cha mdomoni (kinachokifanya chambo kizame na kuyumba kikivutwa) kabla ya kugusa rangi, kisha uchovye chambo kizima katika vanishi iliyozimuliwa ili iingie hadi ndani ya matundu. Kikikauka, nyuzi za mti zitakuwa zimesimama; pitisha msasa laini, uchovye tena, ndipo upake rangi nyeupe ya msingi. Skrubu uzifunge kwa gundi ya epoksi.

Mshipi Mrefu: Naafiki, ila kwa balsa nisingetumia skrubu kabisa, kwa sababu mti huo ni laini mno na samaki mwenye nguvu huing'oa. Pitisha waya mmoja usioshika kutu kutoka mdomoni hadi mkiani, ukiwa na kitanzi tumboni, ili samaki avute waya badala ya mti. Risasi ya kuleta uzito iwekwe chini tumboni, na chambo kijaribiwe katika beseni kikiwa na ndoano zake zote kabla ya kupakwa rangi, maana kikilala ubavu baada ya kupakwa, marekebisho yote yanaharibu kazi.

Mchongaji: Nashukuru sana. Na tabaka la mwisho juu ya rangi?

Fundi Tupa: Epoksi ya sehemu mbili zinazochanganywa, iliyopimwa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo bila kukisia, kwani ikizidi upande mmoja hubaki ikinata. Endelea kukizungusha chambo polepole mpaka epoksi ianze kuganda. Ukikiacha kimening'inia, itachuruzika na kujikusanya mkiani, na mwendo wake majini utabadilika.