Naombeni ushauri: soksi za lesi za kufuma kwa mkono, vitanzi vinapotea nikihama sindano

Mwali wa Ihumwa (mleta mada)

Habari zenu wadau wa kazi za mikono. Niko Ihumwa, Dodoma. Masweta ya watoto kwa sindano mbili nayaweza vizuri, lakini sasa nimeingia kwenye soksi na nimekwama.

Mama yangu yuko Mpwapwa, upande wa milimani, na baridi ya kule kuanzia Juni hadi Agosti mnaijua. Anaimba kwaya, anatamani soksi za rangi ya maziwa zenye matundu ya lesi, zionekane akivaa viatu vyake vya kanisani. Za dukani zipo ila ni nailoni tupu, mchana miguu inatoka jasho na usiku hazimsaidii kitu. Nataka nimfumie mwenyewe.

Mtindo niliouchagua ni ule wa mawimbi wa visiwa vya Shetland, Uskoti. Unajirudia kila vitanzi 18: unafuma viwili pamoja mara tatu, halafu unazungusha uzi kwenye sindano na kufuma kimoja, hivyo mara sita, kisha viwili pamoja tena mara tatu. Mizunguko miwili ni ya kawaida, wa tatu ndio wa matundu, wa nne unafuma kinyume wote. Nimeanza na vitanzi 72. Sindano ziko nne, tatu zimebeba vitanzi 24 kila moja, ya nne ndiyo ya kufumia.

Sasa nikimaliza mzunguko wa matundu, sindano ya kwanza inakuwa na 21, ya pili 29, ya tatu 21. Nikifumua na kurudia, wakati mwingine ya pili inakuwa na 30. Nikifika mzunguko wa matundu unaofuata ndiyo kabisa, vile viwili vya kufuma pamoja havikutani. Nakosea wapi?

La pili ni uzi. Nimezunguka Majengo na Sabasaba, nilichopata ni akriliki nene ya masweta. Nitumie hiyohiyo?

Kroshia na Maisha

Pole dada. Mimi ningekushauri uachane na sindano ufume kwa kroshia. Matundu ya kroshia ni rahisi, unabaki na kitanzi kimoja tu mkononi, hakuna cha kupotea.

Bibi wa Area C

Mwanangu wa kroshia, kwa kitambaa cha meza nakuunga mkono. Kwa soksi hapana. Kroshia inatoa kitu kinene kisichovutika, na soksi isiyovutika inakunjamana ndani ya kiatu na kumchubua mtu. Mama wa watu anataka kusimama kwenye kwaya, tumfumie kitu cha kuvalika.

Mleta mada, hesabu yako nimeikalia na kalamu. Hiyo 21, 30, 21 ni sahihi kabisa, ukijumlisha unapata 72. Hiyo 29 ndiyo yenye kitanzi kilichopotea, na najua kimepotelea wapi. Sindano yako ya kwanza ina vitanzi 24, maana yake imebeba mchoro mmoja mzima wa 18 na sita vya mchoro wa pili. Hivyo sita ndivyo unavyofuma viwiliviwili. Ukihamia sindano ya pili, jambo la kwanza kabisa unalotakiwa kufanya ni kuzungusha uzi. Uzi uliozungushwa mwanzoni mwa sindano hauna kitanzi nyuma yake cha kuuzuia. Ukiigeuza kazi mkononi, unateleza chini na hutauona tena.

Na kwa nini mzunguko wa matundu unaofuata haukutani: vile sita vimeshakuwa vitatu. Kwenye sindano ya kwanza unafuma viwili pamoja, kinabaki kimoja, na mwenzake yuko sindano ya pili.

Dawa yake ni sindano ya tano. Gawa 72 kwa nne, kila sindano inabeba 18, yaani mchoro mmoja kamili. Hapo kila sindano inaanza na kuishia kwa viwili pamoja, hakuna uzi wa kuzungushwa pembeni, na ukihesabu lazima kila moja ikupe 18. Ikikupa 17 unajua palepale ni sindano ipi.

Halafu jiwekee ulinzi. Kila ukimaliza mzunguko wa nne, chukua uzi wa kushonea wa rangi nyingine, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote 72, uuache humo. Ukiharibu huko mbele unafumua hadi kwenye huo uzi na vitanzi vinakusubiri vimekaa sawa. Lesi ikifumuka bila uzi huo ni vigumu kuviokota, kwa sababu vilivyozungushwa na vilivyofumwa pamoja vinachanganyika.

Mwali wa Ihumwa

Shikamoo bibi. Yaani nimeelewa kama umekaa hapa pembeni yangu. Shida ni hiyo sindano ya tano, seti yangu ni ya nne na huku sijaona zinazouzwa mojamoja.

Bibi wa Area C

Marahaba mwanangu. Wajibu vijana hilo la sindano.

Spoku

Nenda kwa fundi baiskeli, omba spoku. Nyingi zina unene wa milimita 2, na zile za baiskeli za mizigo huwa nene kidogo. Usiichanganye moja na hizo zako kama unene haulingani, chukua tano zinazofanana zote. Kata ile shingo iliyopinda, kata na upande wenye nati, kwa sababu zile hesi zinakamata uzi. Bakiza sentimita 20 hivi. Ncha zote mbili zichonge kwa tupa, malizia na msasa laini. Kabla hujaigusisha kazi, ipitishe kwenye mtandio mwepesi, ikinasa hata kidogo rudi kwenye msasa. Mama zetu wamefuma masweta kwa spoku miaka nenda rudi.

Mtumba Daraja la Kwanza

Kwenye uzi nina la kusema. Akriliki nene kwenye sindano ya milimita 2 itakupa soksi ngumu kama ubao, na vitanzi 72 vitakuwa soksi ya jitu. Tafuta uzi mwembamba wa sufu iliyochanganywa na nailoni. Nyuzi nyingi za soksi ni robo tatu sufu na robo nailoni: sufu inashika joto na kuvutika, nailoni inazuia kisigino kisitoboke mapema. Gramu 100 zinakuwa na mita 400 hivi, na zinatosha jozi moja ya mtu mzima.

Kwa Dodoma njia ya uhakika ni mtumba. Chambua masweta membamba, soma lebo ya ndani. Kama lebo imekatwa, mwombe muuzaji akuruhusu uchomoe kauzi kadogo pindoni, ukachome. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na inabaki majivu yanayosagika. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Kisha geuza sweta, angalia ubavuni. Kama vipande vilikatwa na kushonwa kwa ovaloki, liache, ukifumua utapata vipande vifupivifupi. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kilifumwa na ukingo wake. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, uanike. Yale mawimbimawimbi yanaisha.

Mdau wa Bahi

Samahani naingilia. Kondoo tunao tele huku, kwa nini tusitumie sufu yao?

Mtumba Daraja la Kwanza

Kondoo wetu wengi ni wa nywele, mkuu. Manyoya yao ni mafupi na magumu, hayasokoteki kuwa uzi laini wa kuvaa mguuni.

Nesi wa Kikuyu

Naongezea kidogo. Kama mama ana kisukari au miguu inamvimba, mdomo wa soksi usibane kabisa. Anza vitanzi kwa kulegeza, na ndani kusiwe na fundo la uzi linalomgusa kwenye kidole.

Mwali wa Ihumwa

Asanteni sana jamani. Kisukari hana, ila miguu humvimba akisafiri, nitazingatia. Spoku nimeshapata, nipo kwenye msasa. Bibi, naomba uniongoze kwenye ukubwa na kisigino. Na matundu niyafume mpaka chini ya mguu?

Bibi wa Area C

Matundu chini ya wayo hapana. Anayakanyaga, yanamwachia alama na ndiyo yanayotoboka kwanza. Lesi inakaa kwenye shingo ya soksi kuizunguka yote, halafu kuanzia kisigino inabaki juu ya mguu tu. Hesabu yako inakubali vizuri: vitanzi 36 vya juu ni michoro miwili, 36 vya chini unafuma kawaida.

Ukubwa usibahatishe. Fuma kipande cha vitanzi 40, kifue, kikauke, ndipo upime. Tuseme umepata vitanzi 32 kwa sentimita 10, na mguu wa mama ukiuzungushia futi ya fundi pale penye upana ni sentimita 24. Toa sehemu moja ya kumi, kwa sababu soksi lazima ivutike kidogo ndiyo ishike. Inabaki 21.6, ambayo ni kama vitanzi 69. Mchoro wako unataka 18, kwa hiyo 72 ndiyo yako. Ukipata vitanzi pungufu kwa sentimita 10, uzi ni mnene, badili uzi.

Mdomoni fuma viwili kawaida, viwili kinyume, sentimita nne hivi. Kisigino ni vitanzi 36, unakwenda na kurudi mistari 36. Kwenye mstari wa mbele unahamisha kimoja bila kukifuma, unafuma kimoja, hivyo hivyo hadi mwisho. Panakuwa panene na hapo ndipo panapohitaji unene. Ukishakunja kisigino, okota vitanzi 18 kila upande, halafu punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja hadi urudi 72.

Zikibaki sentimita tano kufika ncha ya kidole gumba, acha lesi, anza kupunguza vinne kila baada ya mzunguko mmoja. Vikibaki 36, punguza kila mzunguko hadi 20. Kumi vya juu na kumi vya chini uviunganishe kwa sindano ya kushonea, usivivute kwa pamoja kama mdomo wa mfuko, hapo ndipo fundo analosema nesi hutokea.

Ikiisha itaonekana imesinyaa na matundu yamejifunga, usikate tamaa. Iloweke kwenye maji ya baridi, usiisugue, maana sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inashikana na kupungua. Maji ya kisima ya hapa Dodoma yana chumvi, sabuni inang'ang'ania, kwa hiyo suuza zaidi ya mara moja. Kata boksi umbo la mguu, uvishe soksi ikiwa mbichi, ianike kivulini. Matundu yatafunguka yote.

Ukimaliza mistari ya kisigino weka picha hapa kabla hujaanza kuokota vya pembeni.