Dailata ya nne inaingia, tendo la ndoa bado linashindikana: turudi hatua gani?

Msikivu_Tanga
Wadau, naomba msaada wa kitaalamu. Mwanamke mwenye vajinismasi, yaani uke kujibana wenyewe, ameshapimwa: hana maambukizi wala kovu. Baada ya wiki 8 za mazoezi nyumbani, dailata (kijiti laini cha kuzoesha uke, kinachoongezwa ukubwa hatua kwa hatua) ya nne kati ya tano inaingia bila maumivu. Wakijaribu tendo la ndoa, uke unajibana palepale. Mume ameanza kudhani hatakiwi. Niongeze ukubwa?

NesiNyonga
Usiongeze. Akiwa peke yake, yeye ndiye anayesukuma na kusimamisha. Mume akiwepo anahisi hana tena amri juu ya mwili wake, na hofu inarudi.

Tendo lenyewe lisitishwe kwanza, kwa makubaliano ya wote wawili. Wakiyavunja usiku mmoja tu, kazi ya wiki nyingi inaweza kupotea. Kisha arudi dailata ya pili, mume akiwa chumbani bila kugusa. Hatua inayofuata, mume aishike huku mkono wa mke ukiwa juu ya wake. Mwisho mume aishike peke yake, mke akitoa amri: "endelea", "simama", "toa". Dakika 10 hadi 15, siku 4 au 5 kwa wiki. Kila mara apime hofu yake kwa alama 0 hadi 10, na asipande hatua mpaka ishuke hadi 2 au 3 mara mbili mfululizo.

Wengi huharibu hapa: hofu ikipanda wanachomoa haraka, na ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Aiache ilipofika, atoe pumzi taratibu, asubiri hofu ipungue, ndipo aitoe. Maumivu ya kuwaka ni jambo jingine. Hapo aache mara moja.

Somo_Mshauri
Huyo mume naye ana kazi yake. Mweleze kwamba misuli inakaza kama kope linavyofumba kitu kikilikaribia jicho; si uamuzi wa mke wala dalili ya kumkataa. Wape zoezi la kupapasana walilolieneza Masters na Johnson, watafiti wa Marekani wa masuala ya tendo la ndoa, mwaka 1970: kila mmoja kwa zamu, dakika 20, bila kugusa matiti wala sehemu za siri. Na kama kuna kungwi aliyemwambia bibi harusi "vumilia, kutapita", mke akiridhia naye aelimishwe. Kuvumilia maumivu ndiko kunakoufundisha mwili kujibana.

FizioMoro
Uliza pia kama anafanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga (ile ya kuzuia mkojo) tu. Anachohitaji zaidi ni kuachia: akaze sekunde 5, aachie 10, tumbo likiinuka anapovuta pumzi. Kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya nazi na Vaseline huharibu kondomu za mpira.

Mkifika kwenye uume, mke awe juu, aingize kichwa tu, mume asisogee hata kidogo. Dakika 1 inatosha kwa mara ya kwanza. Uume ukilegea katikati, waendelee kukumbatiana, wasianze kuhangaika.

Kabla ya yote, mlango wa uke uguswe taratibu kwa pamba ya kijiti. Mguso huo mdogo ukiwasha kama pilipili, arudi kwa daktari wa wanawake, maana dailata peke yake hazitamsaidia.